Ubao wa Shaba wa Chumba Namba Nne

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwenyekiti wa Bodi ya Hospitali pamoja na wajumbe wako, Mganga Mkuu, Muuguzi Mkuu na wauguzi wote, daktari wetu tunayekuaga, ndugu wageni waalikwa mliopata viti, na ninyi kina mama wenzangu wa kliniki ya watoto, mliosimama kule nyuma karibu na mlango ili mtoto akilia mtoke upesi: nawasalimu nyote kwa heshima.

Nianze kwa kuomba radhi. Hotuba hii niliombwa niiandike tangu ubao ulipopelekwa kuchongwa, na nimeiandika leo asubuhi, mtoto akiwa mapajani. Ndugu Katibu wa hospitali amenikumbusha mpaka ikafika mahali tukikutana kwenye korido haniulizi tena habari za nyumbani, ananiuliza tu, "Imefika wapi?" Ndugu Katibu, nisamehe. Nina mtoto ambaye kifua chake kinapiga filimbi, nina mdogo wake anayenyonya, na baba yao yuko zamu kiwandani. Wakubwa mna watu wa kuwaandikia hotuba. Mimi niliye naye ni huyu aliyekuwa akinivuta kalamu, na pale nitakapokwama kusoma mjue ni mkono wake.

Nimeombwa niwasemee kina mama, nizungumzie historia ya daktari katika taaluma yake na jinsi anavyofanya kazi, na niseme mazuri. Nitajitahidi.

Historia haina shida, imeshaandikwa. Mheshimiwa Mgeni Rasmi amevuta kitambaa sasa hivi, tumepiga makofi, na wote tumeuona ubao. Ni wa shaba, na kwa urefu umeuzidi mlango wa chumba namba nne, ulio kando yake. Unatuambia daktari wetu ni bingwa wa magonjwa ya watoto. Unatuambia shahada ya kwanza aliipata wapi, ya pili wapi, na ng'ambo alikwenda kusomea vifua. Unataja vyama vya madaktari alivyomo, ambavyo hata yeye, nilipomtazama usoni, nilimwona anavisoma kama mgeni. Halafu chini, kwa herufi nene ili hata mwenye macho mabovu asikose, unatangaza kwamba anaonana na wagonjwa Jumatatu hadi Ijumaa, kuanzia saa mbili asubuhi, chumba namba nne.

Kazi nzuri sana. Herufi zimechimbwa, hazifutiki. Kuna tatizo moja dogo tu, naona hata haya kulitaja mbele ya wakubwa: leo tunamuaga. Jumatatu hatakuwepo.

Ndugu zangu, ni wapi kwingine mtu ametangaziwa saa zake za kazi siku ile ile anayoondoka kazini? Alipokuwa nasi, mlango ule ulikuwa na kipande cha karatasi kilichobandikwa kwa plasta ya vidonda, kimeandikwa "Watoto". Basi. Na tulimwona. Leo tuna shaba, na chumba kitakuwa kitupu. Mama atakayetoka mbali na mgonjwa mgongoni atausoma, atashusha pumzi, ataketi kwenye benchi kungoja. Nani atakwenda kumwambia kwamba anangoja ukuta?

Naomba sasa niongeze yale ambayo fundi wa kuchonga hakupata nafasi ya kuyaweka.

Ubao hausemi kwamba daktari huyu ana mdomo. Siku ya kwanza kumpelekea mwanangu, nilikuwa nimeshazunguka naye kila mahali. Kila tulikokwenda tuliambiwa nimonia, anachomwa sindano, tunarudi nyumbani, baada ya muda mfupi tunaanza upya. Mama mkwe wangu alikuwa ameshaanza kunitazama kama mimi ndiye ninayemfungulia mtoto madirisha. Nikaingia chumba namba nne, nikaanza kueleza: anakohoa, kikohozi kikavu, kifua kinabana, hali chakula vizuri. Yeye ameinamisha kichwa anapasha moto kifaa chake cha kusikilizia, amekibana kwapani.

"Niigizie," akasema.

"Nini, daktari?"

"Anavyopumua akibanwa. Niigizie."

Mlango uko wazi. Foleni nzima inanitazama. Nikajikunyata, nikacheka kidogo, nikatazama sakafu.

"Mama, una haya au una mtoto?"

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, nilipandwa na hasira, na kwa hasira hiyo nikaigiza. Akafumba macho. "Tena. Polepole. Hiyo filimbi inalia akivuta hewa au akiitoa?" Nikasema akiitoa. Ndipo akakisikiliza kifua cha mtoto, huku mtoto amelala vile vile mgongoni kwangu, hakunifungulisha hata kanga. Akasema, "Hii ni pumu. Sindano zote hizo mwenzio amechomwa bure. Haya, Filimbi, tutaelewana." Akachukua chupa tupu ya maji, akatoboa kitako chake, akachomeka pampu ya dawa, akanifundisha mtoto avute kupitia mdomo wa chupa. Mpaka leo mwanangu anaitwa Filimbi, na mpaka leo chupa ndiyo tunayotumia.

Hiyo ndiyo kliniki yetu. Mgeni akipita koridoni alidhani kuna mazoezi ya maigizo. Huyu anakoroma, yule anabweka, mwingine anapiga mluzi. Kuna mama mmoja, yuko pale nyuma na anajijua, aliongeza chumvi mpaka daktari akamwambia, "Huyo sasa ni mbuzi, dada, nikuandikie uende kwa daktari wa mifugo?" Tulicheka mpaka watoto wakaacha kulia. Lakini baada ya kucheka alimwambia aigize tena, na safari ile aliigiza kweli, na mtoto wake akalazwa siku hiyo hiyo, na leo yuko hapa anatafuna kadi ya mwaliko.

Ubao hausemi pia kuhusu foleni. Siku moja alikuja bwana mmoja, simtaji, amekaa mstari wa mbele na amependeza. Mtoto wake ana mafua. Akapita mbele yetu wote, akasukuma mlango, akasema, "Daktari, mimi ni shemeji wa Mwenyekiti wa Bodi."

Daktari akamwambia, "Pole sana. Ilikuanza lini?"

Mwenyekiti, naona unacheka, asante. Shemeji yako alikaa kwenye benchi kama sisi, na mafua ya mtoto yalipona.

Na mtu wa namna hii, ninyi mmemfanya nini? Mmempandisha cheo. Anakwenda makao makuu, apewe kiti kinachozunguka, asimamie ubora wa huduma za vifua vya watoto katika hospitali zote. Hongera sana. Tulikuwa na huduma, tukawa hatuna msimamizi. Sasa tuna msimamizi, na huduma imekwenda naye. Nilimfuata Mganga Mkuu kwa adabu zote, nikamuuliza nani atakaa chumba namba nne. Akaniambia, "Mama Filimbi, usiwe na wasiwasi, mchakato unaendelea." Nikamuuliza kama huo mchakato una masikio. Akatazama saa yake. Ni saa nzuri.

Nawe daktari, usidhani nimekusahau. Nilikukuta koridoni umebeba vitabu vyako kwenye boksi la glavu, nikakuuliza kwa nini umekubali. Ukaniambia, "Nimeambiwa, mama, sikuulizwa."

Nikasema, "Wewe uliyemkalisha shemeji mtu kwenye benchi? Hebu niigizie unavyokataa."

Hukuigiza. Ulisimama pale na boksi lako, ukawa na haya kama mimi siku ile. Basi nikakuhurumia, na bado nakuhurumia, lakini mwanangu naye namhurumia zaidi. Nenda salama. Ulinisikiliza kabla ya kukisikiliza kifua, na tangu siku ile mama mkwe ananiita mwanangu. Hilo halimo kwenye shaba, na ndilo ninalokushukuru.

Nilisema nitasema mazuri. Yamekwisha.

Sasa, kwa kuwa mwalimu wangu amekaa hapa na haya zangu aliniondolea mwenyewe, naomba ukumbi utulie kidogo. Nitawaigizia Filimbi anavyopumua akibanwa. Mheshimiwa, kama hutajali, usogee mbele.

Mmesikia. Hayo siyo maigizo, hiyo ni jana mchana. Leo amechangamka kwa sababu jana daktari alikuwa bado hajafunga boksi, akamtibu.

Nawashukuru kwa masikio yenu, na kwa kuwa yameshafunguka naomba nitaje mnachodaiwa kututumia, maana shaba tumeshaipokea. Tutumieni barakoa ndogo za ile mashine ya mvuke. Zilizopo ni za watu wazima, zinamfunika mtoto mpaka nyusi na dawa yote inapuliziwa dari. Tutumieni pampu za kutosha, chupa tutaokota wenyewe. Tutumieni yule yule fundi aje na kipande cha chochote, hata karatasi na plasta, afunike ule mstari wa chini mpaka uwe kweli. Mtumeni daktari wetu arudi walau asubuhi moja, akae na atakayempokea, amfundishe kuuliza.

Na huyo atakayempokea, mtumeni kwanza kabla ya hayo yote. Awe kijana, awe mzee, awe na shahada moja au ukuta mzima. Mimi Jumatatu saa mbili asubuhi, kama ubao unavyosema, nitakuwa mlangoni na Filimbi mgongoni, na nyuma yangu foleni ya hawa mnaowaona pale mlangoni. Nitagonga. Tunaomba ndani pawe na mtu wa kusema, "Pita, mama. Niigizie."