Mwalimu Yeh Hsiu-luan na Swali la Nani Mwingine Alikuwa Chumbani

Ndugu waombolezaji, jamaa wa ukoo wa Yeh na wa ukoo wa Fan, majirani, walimu wenzake na wanafunzi wake wa miaka yote, familia inawashukuru kwa kufika, na inaomba radhi mapema kwa jambo moja, kwamba historia hii haisomwi na mwanawe wa pekee kama ilivyo desturi yetu, bali inasomwa na mkamwana wake, Chien Shu-wei, kwa kuwa marehemu mwenyewe aliagiza hivyo siku mbili kabla ya kutuaga, na ndiyo maana karatasi hii iko mkononi mwake. Familia inaomba pia mjue tangu sasa kwamba katika maisha haya ya miaka sabini na sita lipo swali moja ambalo hatuna jibu lake, na tutakapolifikia hatutalipamba.

Mwalimu Yeh Hsiu-luan alizaliwa tarehe 9 Machi 1947 mjini Chutung, mtoto wa tatu katika watoto sita wa mzee Yeh Tien-fu, karani wa kiwanda cha mbao, na mkewe, Bi. Liu Wan-mei. Wadogo zake, ambao wako nasi hapa mbele, wanasema alikuwa mtoto wa wasiwasi, asiyepata usingizi mpaka avihesabu viatu mlangoni ajue nani amerudi na nani bado, na tabia hiyo hakuiacha, kwani hata uzeeni mkamwana wake alimkuta mara nyingi ameinama kwenye kizingiti, kidole kikipita juu ya viatu vya watu wanne tu.

Alisoma shule ya msingi hapo Chutung kuanzia Septemba 1953, kisha shule ya sekondari ya wasichana mjini Hsinchu, na Septemba 1965 akajiunga na chuo kikuu jijini Taipei kusomea sosholojia, jambo lililomkosesha raha babake, ambaye katika miaka ile ya kunong'ona kwa kuiogopa serikali aliona kuwa kuuliza watu mambo yao ni kazi ya askari kanzu, akawa akimtania mbele ya wageni, "Huyu binti yangu atalipwa mshahara kwa umbea." Alihitimu Juni 1969, na tarehe 1 Agosti mwaka huohuo akaajiriwa kuwa msaidizi wa utafiti.

Julai 1971 alitumwa kijiji cha Chuwei, kule Pingtung, chenye kaya mia moja na kumi na mbili, akiwa na dodoso la maswali sitini na manne kuhusu maisha ya wake wanaoishi na wakwe zao. Alilipenda dodoso lile, na mpaka mwisho wa maisha yake hakukubali lidharauliwe na mtu, kwa sababu kila mtu huulizwa swali lilelile kwa maneno yaleyale, majibu huhesabika, kijiji hulinganishwa na kijiji, na binti mmoja mwenye baiskeli na penseli aweza kumaliza nyumba sita kwa siku. Lakini nyumba njema si mlango, na yeye nyumba zile alikuwa akizijua kwa milango.

Kosa alilolifanya huko lilitokana na adabu. Mgeni kwetu hukaribishwa sebuleni, mbele ya madhabahu ya wahenga, na mama mkwe huketi naye, huo ndio ustaarabu, na mwongozo wa utafiti haukuwa na neno lolote kuhusu nani aketi na nani atoke, na binti aliyelelewa vizuri hawezi kumfukuza mama mtu mzima kwenye kiti chake. Basi tarehe 22 Julai 1971, saa kumi jioni, katika nyumba namba 47, mama mkwe alikuwa akimenya vitunguu saumu, na kila swali lilipoulizwa alilijibu yeye kwanza, "Huyu? Huyu kaolewa pazuri. Andika, andika, ameridhika," na mkamwana wake, mwenye miaka ishirini na miwili, akacheka kidogo akasema, "Nimeridhika sana," na Mwalimu akaweka alama kwenye kisanduku.

Yule mwanamke alimsindikiza mpaka kwenye baiskeli, akamshika mkono wa shati, akauliza, "Dada, hii karatasi nani ataisoma?" Mwalimu akamjibu kwa maneno aliyofundishwa, na aliyoyaamini, "Usiwe na hofu, hakuna atakayejua ni wewe, jibu lako ni siri." Yule mwanamke akauachia mkono wa shati, akasema, "Aa. Basi sawa," akarudi ndani. Ilimchukua Mwalimu miaka kutambua kwamba hofu ya yule mwanamke haikuwa kujulikana, kwamba alichokuwa akikitaka ni mtu mmoja, mahali popote, aisome ile karatasi na ajue ni yeye.

Tarehe 2 Agosti, siku kumi na moja baadaye, ndara za yule mwanamke zilikutwa kando ya mfereji wa kumwagilia mashamba, zimepangwa sambamba kama za mtu aliyeingia nyumbani, na yeye hakuonekana tena, si hai wala maiti. Desemba ripoti ikatoka, ikisema kuwa wake mia moja na watano kati ya mia moja na kumi na wawili wameridhika, karibu asilimia tisini na nne, na namba 47 alikuwa miongoni mwao. Mwalimu alikwenda kwa mkuu wake wa kazi akiomba angalau maelezo mafupi yaongezwe chini ya ukurasa, akaambiwa, "Binti, mtu mmoja hatikisi asilimia. Halafu alijibu au hakujibu? Alijibu." Tangu siku hiyo, kila alipopanda treni au kuingia sokoni, alitazama nyuso za wanawake waliokuwa wakizeeka sambamba naye, na marehemu mumewe alisema kuwa kutembea naye ni kama kutembea na mtu aliyepoteza funguo.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, kwa hiyo Februari 1973 alirudi Chuwei bila dodoso, akapanga chumba, akaishi humo miezi kumi na minne, akifua nguo mferejini pamoja na wanawake, kwa maana mama wakwe hawakuwa wakishuka mferejini. Huko alisikia yale ambayo visanduku sitini na vinne havikuyabeba, nani hula baada ya wote, nani amerudi kwao mara tatu akarudishwa mara tatu, na maandishi aliyoyatoa kutokana na miezi ile ndiyo yaliyompa jina. Hata hivyo yeye mwenyewe hakujisifu, alisema njia hii humfikisha mtafiti ndani lakini humfikisha kijiji kimoja tu, kwamba hakuna mwingine awezaye kuirudia na kuikagua, na kwamba mwenye kupenda watu huanza kuona anachotaka kukiona, na alipenda kusimulia jinsi mama mmoja alivyomwambia mwezi wa kumi na tatu, huku wenzake wakiangua kicheko, "Mwalimu, ukiwepo wewe hapa, hata nguo tunazipiga polepole." Kuhusu namba 47 hakuna aliyefungua mdomo, mferejini wala kwingineko.

Kuanzia Agosti 1976 hadi alipostaafu Julai 2012 alifundisha mbinu za utafiti katika chuo kikuu kimoja mjini Taichung, na ninyi wanafunzi wake mnajua alivyowasumbua. Mliambiwa kuwa mahojiano ya ana kwa ana huchimba, lakini mtu humpa mhoji jibu linalomfaa mhoji, kuwa mjadala wa kikundi huamsha kumbukumbu, lakini mwenye sauti kubwa hugeuka kijiji kizima, kuwa madaftari ya serikali hayasahau, lakini hukumbuka tu yale ambayo serikali ilitaka kuyajua. Mlipompigia simu kutoka nyanjani mkiwa na furaha ya kupata jibu zuri, aliuliza, "Nani mwingine alikuwa chumbani?" Mkijibu hakuna, akauliza tena, "Na wewe je?"

Alifunga ndoa tarehe 16 Novemba 1975 na Bw. Fan Kuo-hsiung, fundi wa ishara za reli, baada ya kuposwa mara mbili siku moja, maana mshenga alipomuuliza sebuleni mbele ya wazazi wa pande zote alijibu ndiyo, kisha akamwita bwana harusi nyuma ya nyumba, penye baiskeli, akamwambia, "Niulize tena hapa," na Bw. Fan alikuwa akiapa mpaka kifo chake, tarehe 3 Juni 2009, kwamba ile dakika ya penye baiskeli ilimtia jasho kuliko ajali yoyote ya treni. Walijaliwa mtoto mmoja, Fan Po-han, aliyezaliwa tarehe 28 Mei 1978, akamwoa Chien Shu-wei tarehe 6 Oktoba 2007, na mjukuu mmoja, Yu-chen, aliyezaliwa mwaka 2011.

Machi 2018 Mwalimu alihamia kwa mwanawe, Hsinchu, na hapa ndipo msomaji wenu anaomba mvumilie sauti yake. Kila jioni mezani mkamwana alimuuliza, "Mama, supu imekolea?" naye akajibu, "Iko sawa," akamuuliza, "Chumba hakina baridi?" naye akajibu, "Kiko sawa," kisha Mwalimu akamgeukia, "Na wewe Shu-wei, hujachoka?" naye akajibu, "Sijachoka, Mama, niko sawa." Mkamwana huyu alikuwa ameyasoma maandishi ya Chuwei mara mbili, alijua neno "sawa" lina thamani gani linaposemwa mbele ya wakwe, na kwa hiyo hakupata raha, alilala akilipima na kuamka akilipima, bibi huyu ameridhika kweli au anaoga maji baridi bila kulalamika, kwa heshima tu. Wawili hao walidanganyana kwa adabu kwa miaka sita, na huenda hawakudanganyana hata kidogo, nalo hilo ndilo lililotesa zaidi.

Septemba 2023 aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho, na tarehe 7 Februari 2024 akalazwa. Tarehe 15 Februari, siku ya kwanza ya kazi baada ya sikukuu za mwaka mpya wa kalenda ya mwezi, muuguzi Bi. Pan alileta karatasi ya maoni ya wagonjwa, na kwa kuwa vidole vya Mwalimu vilishindwa kushika kalamu, mkamwana alimshikia. Swali la tano liliuliza kama mgonjwa ameridhika na jinsi familia yake inavyomtunza. Mwalimu akasema, "Nimeridhika sana," na mkamwana, kwa mkono huuhuu, akaweka alama kwenye kisanduku. Ndipo Mwalimu akaitazama ile alama, akasema, "Bi. Pan, naomba karatasi nyingine. Po-han, Shu-wei, tokeni nje."

Walikaa nje dakika ishirini na tatu, karibu na bomba la maji ya moto. Po-han alijaribu mzaha, "Mama anatupa mtihani, na hatukusoma," lakini hawakucheka. Mlango ulipofunguliwa, bahasha ilikuwa imeshafungwa kwa gundi, Mwalimu amefumba macho, na Bi. Pan akatoka nayo. Mkamwana wake alimkimbilia muuguzi mpaka kwenye lifti, akamshika mkono wa sare, akamuuliza Mama amejibu nini, na Bi. Pan akamwambia kwa upole, "Dada, usiwe na hofu, jibu la mgonjwa ni siri." Mkamwana akauachia ule mkono wa sare. Akasema, "Aa. Basi sawa."

Tarehe 18 Februari Mwalimu aliagiza kuwa historia hii isomwe na Shu-wei, na alipoulizwa kwa nini, alisema kwa shida, "Kila nilipokuuliza kama umechoka, Po-han alikuwa mezani. Mimi, na umri wote huu, sikuliona." Alifariki tarehe 20 Februari 2024, saa mbili na dakika kumi asubuhi, familia yote ikiwa kando yake.

Familia inawashukuru madaktari waliomhudumia, majirani wa ghorofa ya nne waliotuletea uji na kumtunza Yu-chen, walimu wenzake, wanafunzi waliokuja kutoka Taichung na Taipei, wazee wa Chuwei waliosafiri tangu alfajiri, na hasa Bi. Pan, aliyeketi safu ya nyuma na ambaye tunaomba asiulizwe na mtu yeyote. Mwalimu angetaka pia mjue udhaifu wa haya mliyoyasikia, kwamba yameandikwa na ukoo mzima ukiwa umezunguka meza, na kusomwa mbele ya watu mia mbili, kwa hiyo myapokee kwa kadiri hiyo.

Sasa, kabla ya sanduku kufungwa, tunawaomba nyote mtoke nje, jamaa na wageni, na wewe Po-han pia, kwa dakika ishirini na tatu, ili mkamwana wake abaki naye peke yake, kwani aliulizwa swali kila siku kwa miaka sita, na bado hajalijibu.

Mama, pumzika kwa amani, chumbani hamna mtu mwingine.