Salamu Aliyonyimwa Mama Odeta

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Ni mimi Sabina Ndalahwa. Nimesema wapendwa kwa mazoea ya kazi tu, maana leo wapo wanaonisikiliza ambao siwapendi hata kidogo. Wako upande wa Sengerema, kwenye kijiji kimoja cha ufukweni. Jina la kijiji sitalitaja. Wenyewe mnajijua, na najua redio zenu ziko wazi. Msizime.

Leo tunamkumbuka Mama Odeta Shimba. Amefariki Jumanne iliyopita, akiwa na miaka sabini na minne. Mama Odeta alikuwa anabanika samaki. Miaka nenda rudi alibanika samaki kwa kuni, akavuka na kivuko kwenda kuwauza soko la Mwaloni, Kirumba. Moshi ule ukamwachia macho mekundu. Macho mekundu, wasikilizaji, ambayo kwa wengi ni alama ya mchawi. Kesi yake ilianzia hapo.

Miaka kumi na miwili iliyopita ng'ombe walikufa pale kijijini. Badala ya kumwita bwana mifugo, mkawaita lambalamba, wale waganga wanaopita vijijini wakidai wanafichua wachawi. Kila kaya ikatoa mbuzi. Wakacheza ngoma zao, wakanusanusa nyua za watu, mpaka wakafika kwa Mama Odeta. Wakachimba jikoni kwake, wakatoa pembe ambayo hata kipofu angejua imetoka kwenye mkoba wao. "Mchawi huyu hapa!" Na nyie mkapiga makofi.

Mkubwa wao akamwita Mama Odeta pembeni, akaongea naye kwa upole kabisa. Binti yake, Winnie, alikuwa amesimama hapohapo. Amenieleza mwenyewe.

"Alimwambia, 'Mama, wewe hatukutaki. Tunamtaka aliyekufundisha. Mtaje jirani yako Teodora, tukuache ulale kwako. Usipomtaja, siku ya tatu nyumba hii inawaka, na wewe umo ndani.'"

Sasa sikilizeni vizuri. Mama Odeta na Teodora walikuwa hawasemezani. Mbuzi wa Teodora walikuwa wamemaliza mihogo ya Mama Odeta, na alipolalamika, Teodora akamporomoshea matusi. Kijiji kizima kilijua. Jina moja tu, na Mama Odeta angepona, na mbaya wake angelipa. Nani kati yenu asingemtaja? Mngemtaja kabla mganga hajamaliza kusema.

"Nilimpigia mama magoti," anasema Winnie. "Nikamwambia mtaje tu, mama, kwani yeye angekuhurumia? Akanijia juu. 'We Winnie, usinijaribu mara ya pili. Teodora ana mdomo mchafu, lakini uchawi hana. Mungu akitaka kunitoa atanitoa. Asipotaka, nitamkuta bila damu ya mtu mikononi.'"

Siku tatu. Mama Odeta alisali Baba Yetu, na kila akifika kwenye "usitutie katika kishawishi" anarudia mara mbili. Siku ya tatu asubuhi akafagia uwanja, akavaa kitenge chake cha kanisani, akakaa mlangoni kuwasubiri. Aliogopa, Winnie anasema. Lakini hakuondoka, na jina hakulitaja.

Hawakuja. Lambalamba walikuwa wametoroka alfajiri kwa mitumbwi, pamoja na mbuzi wenu wote. Wiki ile wakaonekana Usagara wakiwauza. Mama Odeta akapiga magoti palepale mlangoni, akalia, akamshukuru Mungu wake.

Hapo mtu mwenye haya angekwenda kumwomba radhi. Thubutu! Nyie mkamtenga. Aliyewaibia hamkumtafuta, mkamchukia mama aliyewaona mkiibiwa. Mkakataza asipewe moto wala chumvi. Kanisani, pale kigangoni, alikaa benchi lake peke yake, na nyie mkijibana kwenye mabenchi mengine. Tena mkatoa amri: asiamkiwe. Mama wa umri ule, miaka kumi na miwili, hakuna aliyempa shikamoo. Miaka kumi na miwili! Mnalala vipi?

Na Teodora? Teodora alijua yote. Winnie alimwendea, akamweleza mama yake alivyoombwa jina na akakataa. Teodora akasikiliza mpaka mwisho, kisha akafunga mlango. Hakuwahi kwenda hata kusema asante.

Teodora ni mama yangu mzazi.

Juzi, baada ya mazishi, nilimuuliza kwa nini. Akasema, "Niliogopa watu, Sabina." Watu wenyewe ndio hao waliokuwa wanagombania kubeba jeneza, wanalia kwa sauti mpaka ng'ambo wanasikika. Nilitamani kuwatimua.

Lakini nijiseme na mimi. Mwaka ule nilikuwa chuo cha ualimu, mtu mzima, nina akili zangu timamu. Nikiwa likizo nilikutana na Mama Odeta njiani, ana beseni la samaki kichwani. Akasimama. Akaningoja. Mimi nikageuza uso, nikajifanya naangalia ziwa. Akasema taratibu, "Msalimie mama nyumbani," akaendelea na safari yake. Salamu ile sikuifikisha.

Winnie, na familia yote ya Mama Odeta, poleni sana. Bwana aliyemtoa mikononi mwa waganga ampumzishe kwa amani. Nyie wa kijijini, pole yangu hampati. Nawaachia swali tu. Yupo mama gani mwingine hapo kwenu mliyempita leo bila kumwamkia? Mkamwamkie kabla jua halijazama, mngoje aitikie. Popote unaponisikiliza, na wewe ufikirie wa kwenu.

Mimi nimechelewa. Wa kwangu yuko kaburini tangu Alhamisi, na alinisubiri njiani nikamnyima.

Shikamoo, Mama Odeta.