Masega ya Gari la Mma Seipone

Benchi letu hapa Rustenburg limeegemea ukuta wa gereji ya Oarabile, fundi wa mabomba ya moshi. Asubuhi ile tulikuwa watatu na kahawa yetu: mimi, mzee Kgabo, tunayemwita Shafti, yaani shimo la mgodi, kwa kuwa alichimba platinamu miaka ishirini na miwili, na Tshenolo muuza matairi, yaani Redio. Redio ndiye aliyeleta habari kwamba gari la nesi Mma Seipone (Mma kwetu ni Mama), tangu litoke kwa Oarabile, linanuka petroli.

— Kaiba masega ya bomba, vile vitundu vinavyosafisha moshi, alisema Redio. Mle ndani mna platinamu.

Shafti akamsahihisha. Haibi yote kwa mpigo. Anaikwangua kwa mswaki, kila gari kidogo.

— Haba na haba hujaza kibaba. Huoni anavyoezeka nyumba?

Nami, Mungu anisamehe, nikaongeza kuwa nimeona mifuko ikipitishwa mlango wa nyuma. Nilichoona ni mfuko mmoja, tena sikujua una nini.

Maneno hayo tuliyarudia wiki nzima. Wateja wawili wakaondoa magari yao. Oarabile alitusikia, akaendelea kuchomelea mabomba yake.

Mma Seipone alipofika na hasira zake, Oarabile alimwambia masega yamo, ila yameshakufa. Mma akamtaka ayapasue, ayaone kwa macho yake. Fundi akaingia chini ya gari, akafungua kopo la chuma lenye masega, akalikata kwa msumeno mbele yetu sote.

Masega yalikuwa mazima, vitundu vyote, ila yamegandwa na utando wa majivu.

— Petroli isiyoungua kwenye injini hutoka na moshi, Oarabile alimweleza. Platinamu huidaka petroli hiyo, na huidaka oksijeni vilevile. Vikikutana juu ya platinamu vinaungua, vinaondoka vikiwa maji na hewa ukaa. Metali yenyewe inabaki. Sasa injini yako inakula oili, Mma. Majivu yake yamefunika uso wote. Oksijeni haina pa kushika.

Shafti alichukua kipande, akakigeuzageuza.

— Miaka yote ile nachimba, akasema taratibu, hakuna aliyeniambia kazi yake.

Mma Seipone alitugeukia benchini.

— Nani kati yenu alimwona akiiba?

Redio akamtazama Shafti. Shafti akanitazama mimi. Oarabile alisimama kando ya Mma, msumeno ungali mkononi, naye akisubiri jibu.