Mzee Asheri Afundishwa Kuruka

Siku hiyo kijiweni, ng'ambo ya stendi ya Same, walikuwepo Isihaka fundi wa matairi, aitwaye Chuo Kikuu kwa kuwa hakuna asilolijua. Gideoni Bati, muuza tangawizi kutoka milimani, aliyepewa jina hilo kwa kelele zake. Yunus mwenye birika la kahawa. Na Mzee Asheri seremala, ambaye hakuwa na amani. Jumamosi iliyofuata alikuwa anamuaga bintiye Ernesta, anayeolewa na kijana wa Kimasai, na MC alishamwambia kwamba baba mzazi ndiye atakayefungua muziki. Mzee Asheri hakuwahi kucheza tangu azaliwe. Yunus alimmiminia kahawa nusu kikombe tu, asije akaimwaga.

— Lazima uruke, alisema Isihaka. Kwa Wamasai kuruka ndiyo kukubali ndoa. Usiporuka, wanageuza gari na ng'ombe wao.

— Na goti langu hili?

— Goti halimo kwenye mila.

— Muongo huyo! Bati alipaza sauti hadi mbuzi wa ng'ambo wakageuka. Ngoma ni kumtisha mkwe. Wasukuma wanacheza na nyoka shingoni. Unadhani kule kuna anayemletea baba mkwe maneno?

— Nyoka nitampata wapi mimi?

— Hata mpira wa maji unatosha, ukikunja uso.

— Pwani hawahitaji nyoka, Isihaka akadakia. Mama kwenye taarabu anazungusha kidole mara moja tu, jirani anahama mtaa.

— Na Wahindi je? Yunus aliuliza.

— Hao wakicheza, mvua inanyesha. Hujaona kwenye video? Papo hapo! Same tukiwaleta wawili tu, ukame kwisha.

— Basi mzee acheze Kihindi, alisema Bati. Wakwe zake wafugaji. Akiwaletea mvua, amewamaliza!

Wakamwinua. Isihaka alishika kwapa la kulia, Bati la kushoto, wakamrusha juu. Kofia ikatumbukia kwenye ndoo ya kuoshea vikombe.

Hapo akatokea Salha, muuza mihogo, mtoto mgongoni.

— Shikamoo, baba Ernesta. Wanakuonea?

— Marahaba, mwanangu. Wananifundisha kucheza.

— Kwani harusi zote zile ulizokwenda na marehemu mama Ernesta, ulikuwa huchezi?

— Alikuwa anacheza yeye. Mimi nasimama pembeni, namshikia mkoba.

Salha aliiokota kofia ndooni, akaikamua vizuri, akamrudishia mwenyewe kwa mikono miwili.

— Na huo mkoba uko wapi siku hizi?

Chuo Kikuu kizima kikainamia pancha. Bati naye akawa anahesabu matairi. Mzee Asheri alijua ulipo: msumarini, nyuma ya mlango wa chumbani, na kitambaa cha marehemu bado kimo ndani. Akainua kikombe, akakuta Yunus ameshamwongeza kidogo.

Jumamosi, muziki ulipofunguliwa, Mzee Asheri alisimama katikati ya ukumbi, mkoba mkononi, asitikise hata kidole. Bwana harusi ndiye aliyeruka: kwanza zamu yake, kisha zamu ya baba mkwe.