Safari za Kwenda na Kurudi za Mwalimu Loyce wa Kwemzinga

Siku ya Jumatano, tarehe 12 Machi 1958, saa kumi na moja alfajiri, huko Dindira, kwenye nyumba iliyo juu ya mashamba ya chai, Mzee Erasto, karani wa mizani ya majani ya chai, na mkewe Mama Damari, walipata mtoto wao wa kwanza, wakamwita Loyce. Cheti cha ubatizo kinasema alizaliwa tarehe 13, lakini mama yake, ambaye ndiye aliyekuwepo, hakuikubali tarehe hiyo hadi anafariki, na familia imeona ni vyema kufuata kauli ya mama. Mtoto huyo ndiye Mwalimu Loyce, mjane wa marehemu Jonathan Hiza, tunayemsindikiza leo, Jumamosi tarehe 21 Juni 2025, hapa kando ya Ziwa Kwemzinga, wilayani Handeni, na historia yake inasomwa na binti yake wa mwisho, Agripina, kwa niaba ya familia zote mbili, ya milimani na ya ziwani.

Katika nyumba ile ya Dindira kulikuwa na desturi moja ambayo ni lazima isemwe mapema, kwa sababu imemfuata marehemu maisha yake yote, na ndiyo iliyoamua kaburi lake lichimbwe wapi. Mtu hakushuka Korogwe, iwe ni kwenda sokoni, hospitali au kwenye harusi, kabla hajataja jioni akirudi atakula nini, na aliyesema atakula chochote, Mama Damari alisimama mlangoni na kumwambia, "Chochote hakipikiki, taja." Aliyetaja chakula alikuwa amefungwa nacho, kwa kuwa kitapikwa, kitafunikwa, na nyumba nzima itamsubiri, na hakuna mtoto wa nyumba ile aliyetaka kusubiriwa bure.

Loyce alisoma shule ya msingi hapohapo Dindira kuanzia mwaka 1966 hadi 1972, akachaguliwa kujiunga na sekondari ya wasichana mjini Korogwe, alikomaliza kidato cha nne mwaka 1976, kisha akasomea ualimu, akafaulu katika Jiografia na Historia, masomo ambayo hakuyatenganisha tena, maana alisema mahali pasipo na habari zake ni mchoro tu ubaoni.

Jumatatu ya tarehe 8 Januari 1979 aliteremka kuja kuiona shule aliyopangiwa, Shule ya Msingi Kwemzinga, akiwa na nia ya kurudi Dindira siku hiyohiyo, na mlangoni alitaja makande. Alikuta darasa la nne halina mwalimu, mkuu wa shule akampa chaki akiwa bado ameshika mkoba, naye akafundisha hadi basi la kurudi likampita. Baada ya hapo alipanda Dindira mara nyingi kusalimia, lakini kurudi kukaa hakurudi, na mdogo wake, Mzee Yordani, hakumwachia hilo. Kila alipokutana naye, hata katikati ya watu, alimwambia, "Dada, makande yako bado yako jikoni," naye alimjibu, "Yafunike vizuri, Yordani, nakuja."

Tarehe 18 Desemba 1982, siku ya Jumamosi, alifunga ndoa kanisani Old Korogwe na Bwana Jonathan Hiza, aliyekuwa msimamizi wa pampu ya maji hapa ziwani, mtu wa maneno machache, ambaye alipoulizwa kwa nini alichelewa kuoa, alijibu kwamba alikuwa anasubiri mtu wa kumuuliza atakula nini. Walijaliwa watoto wanne, Ernesti aliyezaliwa mwaka 1984, wawili waliofariki wakiwa wachanga mwaka 1988 na 1991, ambao wamezikwa hapa, na Agripina aliyezaliwa mwaka 1997. Bwana Jonathan alifariki mwaka 2014, naye yuko hapa.

Kazi ambayo wengi wenu mlimjulia Mwalimu Loyce ilianza mwaka 1987, alipowapeleka wanafunzi wa darasa la sita Pangani kuuona mji mkongwe, wakatoka hapa alfajiri na kurudi siku hiyohiyo, wamechoka na wamejaa maneno. Tangu hapo hakuacha kupanga safari za siku moja, kwanza za shule, kisha za kwaya, za vikoba, za wastaafu wenzake, na alipostaafu mwaka 2018, yeye na watoto wake waliongeza vyumba kwenye nyumba hii, ikawa nyumba ya wageni, watu wanalala ziwani siku tatu au nne, na kila siku wanatoka kwenda mahali pamoja na kurudi. Alizipanga ubaoni, kwenye ubao uleule mnaouona pale barazani, kwa chaki, milima upande wa kaskazini, miji ya zamani upande wa pwani, na ziwa katikati.

Alikuwa na namna yake ya kupanga, na hakubishaniwa. Siku ya mlima haikuchanganywa na siku ya mji. Waliokwenda Dindira, Lushoto au msitu wa Magamba waliondoka giza bado lipo, kwa kuwa mchana ukungu hushuka na mtu aliyepanda kuangalia bonde huishia kuangalia shati la mwenzake. Waliokwenda Tanga na magofu ya Tongoni waliruhusiwa kunywa chai kwanza. Bagamoyo, kwa sababu ya umbali, ilikuwa ya wale wasioamka kwa kubembelezwa. Mgeni aliyetaka Pangani asubuhi na Amani jioni, Mwalimu alimuuliza, "Baba, unataka kuona au unataka kupita?" Na kuhusu Segera, penye wauza machungwa wa njiani, alimwagiza dereva wake, Bwana Awadhi Mustapha, asisimamishe gari pale wakati wa kwenda, hata abiria wakilia, akisema, "Segera ni ya kurudi, ukiwaachia asubuhi watazunguka mji mzima wamebeba machungwa."

Na hakuna aliyetoka kwenye geti lile bila kutaja chakula. Kijana mmoja, mwanachuo kutoka Dar es Salaam, alitaja chipsi mayai, Mwalimu akamtazama kwa huruma, akamwambia, "Hicho si chakula cha kumrudisha mtu, mwanangu, hicho unakipata hata Segera. Taja tena." Kijana akataja pilau, na jioni alikuwa wa kwanza kushuka garini. Wengi walidhani ni ucheshi wa mwenye nyumba, lakini watoto wake wanajua kwamba jua likikaribia kuzama na gari halijaonekana, Mwalimu hakukaa, alisimama pale getini akiwa na kitambaa cha jikoni mkononi, na hakula mpaka wa mwisho aingie. Kwake kuona mji wa kale au kilele cha mlima lilikuwa jambo zuri, lakini safari ilikuwa haijakamilika hadi sahani ifunuliwe.

Kuanzia mwaka 2016 Mwalimu Loyce alikuwa akitibiwa shinikizo la damu, na mwezi Septemba 2024 madaktari waligundua kwamba figo zake zimeanza kushindwa. Aliendelea na kliniki bila kukosa, na aliendelea kupanga safari akiwa amekaa, Agripina akiandika ubaoni na yeye akisahihisha, mara nyingi akimwambia, "Mlima umeuweka mbali mno, mama, unawatisha wageni."

Alhamisi ya tarehe 19 Juni 2025, saa kumi na mbili na robo asubuhi, aliamka akiwa anapumua kwa shida, akasaidiwa kuingia kwenye gari la Awadhi kupelekwa hospitali Korogwe, na kabla mlango haujafungwa, Agripina alimuuliza kama anavyoulizwa kila mtu, "Mama, ukirudi utakula nini?" Akafikiri kwanza, kama kawaida yake, kisha akasema, "Bada," yaani ugali wa muhogo, "na perege. Perege wa ziwani, si wa friji." Alipokelewa haraka, akahudumiwa kwa bidii, na saa nane na dakika kumi mchana akafariki dunia. Agripina alisaini karatasi alizopewa, akaulizwa kama ana swali, akauliza saa ya kuwaona wagonjwa inaanza saa ngapi, na muuguzi akamjibu kwa upole kwamba inaanza saa kumi.

Jioni hiyo, jua likiwa bado lipo, Mzee Yordani alifika hapa na wazee watatu kutoka Dindira, na familia inaona si vibaya kueleza yaliyozungumzwa, kwa kuwa wengi mliyasikia kutokea njiani. Mzee Yordani alisema dada yake anapanda. "Alituaga anashuka siku moja," alisema. "Siku moja! Miaka arobaini na sita tumemfunikia makande. Sasa inatosha, anarudi kwao." Ernesti alimjibu kwamba mume wake yuko hapa, na watoto wake wawili wako hapa. Mzee Yordani akasema mume alimkuta tayari ameshaaga nyumbani kuwa anarudi. Sauti zikapanda, na jirani yetu, Bi Chausiku, akatoka jikoni kusema, "Shemeji, taratibu, wageni wanasikia," naye akajibu, "Wasikie, si wamelala kwa dada yangu?"

Agripina alikuwa amekaa kwenye mkeka, akikunja khanga ya mama yake na kuikunjua, akakunja tena. Hakuona tofauti ya mlimani na ziwani, aliona pindo la khanga halikai sawa. Ndipo Mzee Yordani akamgeukia.

"Wewe ndiye uliyekuwa naye garini?"

"Ndiyo, mjomba."

"Ulimuuliza?"

"Nilimuuliza."

"Akataja?"

"Alitaja bada. Na perege wa ziwani."

Mzee Yordani akavua kofia, akaiweka gotini. Wazee aliokuja nao wakatazama chini. "Dindira perege hakuna," akasema, kama anayejiambia mwenyewe. Kisha akasema, "Kilichotajwa mwisho ndicho kinachopikwa, hata mama yetu angesema hivyo. Mchimbieni hapa, kwa mumewe. Makande nitayala mwenyewe, na Mungu anisaidie kuyamaliza."

Kwa hiyo tuko hapa leo, na familia ya Kwemzinga inamshukuru Mzee Yordani mbele yenu nyote.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia Mwalimu kuanzia kliniki ya kwanza hadi saa yake ya mwisho, walimu wenzake wa zamani na wanafunzi wake waliokuja kutoka mbali, kwaya, mchungaji, majirani wote, Waislamu kwa Wakristo, na kwa namna ya pekee Bi Chausiku, ambaye tangu Alhamisi hajalala kwake. Tunawashukuru pia wageni wanne kutoka Dodoma, waliokuwa wamepangiwa Pangani siku ya Alhamisi, na badala ya kwenda Pangani wakateka maji na kupasua kuni bila kuombwa.

Jana, Ijumaa tarehe 20 Juni, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Awadhi aliwasha gari aende Korogwe kumchukua Mwalimu, kisha akalizima, akashuka, akaja kusimama kwenye mlango wa jiko, funguo mkononi, kama alivyosimama kila asubuhi ya safari. Ilimchukua Agripina muda kuelewa anasubiri nini.

"Kaka Awadhi," akamuuliza, "ukirudi utakula nini?"

Awadhi akatazama ziwani. "Chochote tu, dada."

"Chochote hakipikiki," akasema Agripina. "Taja."

"Bada," akasema Awadhi. "Na perege. Kama Mwalimu."

Gari likaondoka. Agripina akabandika maji, akapara samaki magamba, wa Awadhi na wa Mwalimu, akasonga bada peke yake akiwakataza wanawake kumpokea mwiko, akapakua sahani mbili, akazifunika. Kisha akachukua kitambaa cha jikoni, akaenda kusimama getini, akasubiri hadi gari lilipotokea.

Mama, umerudi, na chakula ulichotaja kilipikwa. Hakuna mwingine aliyebaki njiani. Pumzika sasa, kwa amani.