Ragnfrid Løvstuen na Mizoga Sabini na Minne ya Kvitskar

Tarehe 31 Mei mwaka huu, baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi, Ragnfrid Løvstuen atarudisha funguo za ofisi yetu ya ulinzi wa milima. Atarudisha pia redio ya upepo, jozi mbili za skii za serikali na, tukijaliwa, ile darubini aliyoiazima kwa wiki mbili mwaka 1996.

Alianza kazi mwaka 1994, akiwa na miaka thelathini na sita. Baba yake alikuwa mfugaji wa kondoo, na yeye mwenyewe alikuwa amechoka kupanga barua posta. Hodari wa skii, mbishi wa kupindukia, na mpishi mbovu: waliowahi kula supu yake ya samaki pale kibandani wanajua ninachosema. Amefundisha walinzi tisa, nami nikiwemo. Ameokoa wapanda milima ambao hakuna aliyewahesabu. Lakini ukimuuliza yeye kazi yake ilikuwa nini, atakutajia bonde la Kvitskar.

Aprili ya 1998, poromoko la theluji lilishuka Kvitskar na kulifunika kundi la kulungu wa milimani. Ragnfrid ndiye aliyewakuta. Alihesabu pembe na miguu iliyochomoza kwenye theluji, akafika sabini na nne. Miongoni mwao alimtambua jike mmoja ambaye pembe yake ya kushoto ilijikunja mbele ya jicho. Alikuwa amemhesabu majira matatu ya baridi mfululizo. Alipiga magoti akamfuta theluji usoni, kisha akashika redio na kuomba helikopta ije iwaondoe wote wakateketezwe. Hakuweza, anasema, kuwaacha wametupwa vile.

Helikopta haikuja. Ukungu ulitanda siku nne, rubani akagoma kuruka, na Ragnfrid akabaki kwenye kibanda cha juu akisubiri. Hakuwa na la kufanya ila kutazama.

Kunguru walitangulia. Siku ya kwanza wawili, ya pili zaidi ya arobaini, na kelele zao zikawaita tai. Tai wakapasua ngozi ambazo midomo ya kunguru haikuziweza. Ndipo wakaja ndege wadogo wa msituni, wenye uzito wa barua, wakidonoa mafuta kwenye mbavu huku baridi ikiwa nyuzi kumi na tano chini ya sifuri. Asubuhi ya tatu alitokea nyegere wa theluji, mnyama aliyekuwa amemwona mara moja tu maishani. Alikata paja zima, akaliburuta mlimani na kulifukia kwenye theluji kama mtu anayeweka akiba ya kiangazi. Alirudi mara sita. Katika daftari lake siku hiyo Ragnfrid aliandika mstari mmoja: “Nilidhani hapa pamekufa.”

Siku ya nne, ukungu ukianza kukatika, akamwona mbweha mweupe. Jike, tumbo zito, mbavu zikihesabika. Milimani kwetu mbweha weupe hawakuwa wamezaa kwa miaka kumi na tisa.

Alishuka mbio hadi ofisini. Mkuu wetu wa wakati huo, Halvard, alikuwa ndiyo kwanza amepata ruhusa ya rubani.

“Ifute helikopta,” Ragnfrid akamwambia.

“Si umeiomba mwenyewe juzi, tena kwa kulia?”

“Nilikosea. Wale hawajatupwa, Halvard. Wanaliwa.”

Habari zikamfikia Sjur, mwangalizi wa nyumba ya wapanda milima iliyo chini ya bonde. Akaja na matope yake hadi kwenye zulia la ofisi. “Ragnfrid, wewe ukitaka kunywa supu ya mizoga, kunywa kwako. Bomba langu linatoka mlima uleule!”

Hoja yake ilikuwa ya kweli, na hakuna aliyeicheka. Halvard akaamua: mizoga ikae mpaka theluji iyeyuke, lakini maji yake yakielekea kwa Sjur, itaondolewa yote, na Ragnfrid atatafuta kazi nyingine. Ragnfrid akakubali. Mumewe, Oddmund, anasema mkewe alipungua kilo saba kabla ya Juni.

Juni ilipofika, alipanda na ndoo mbili za rangi ya kijani isiyo na sumu, akaimwaga kwenye maji yaliyokuwa yakitiririka chini ya mizoga. Kwa siku tatu Sjur alikaa jikoni kwake akikinga glasi moja baada ya nyingine na kuiinua dirishani. Zote safi. Siku ya tatu simu ya ofisi ikalia: mkulima wa upande wa magharibi, umbali wa kilomita tisa, alitaka kujua ni mwendawazimu gani amekigeuza kijito chake kuwa kijani. Ragnfrid alirukaruka kwa furaha huku yule bwana akiendelea kumtukana. Kesho yake alimpelekea chapati za maziwa na jibini ya kahawia kuomba radhi. Alizinunua, hakuzipika.

Julai, yeye na Sjur walilala kifudifudi juu ya jiwe, wakipokezana darubini. Kutoka kwenye shimo la mbweha walitoka watoto, mmoja mmoja, kumi na mmoja. Sjur alinisimulia mwenyewe, kabla hajafariki, kwamba aliwahesabu mara mbili.

Tangu hapo Ragnfrid amepanda Kvitskar kila kiangazi. Ameandika jinsi nzi walivyofuata baridi ilipolegea, na ndege wala nzi wakawafuata nzi. Jinsi nywele za kulungu zilivyotandikwa kwenye viota vya bonde zima. Jinsi panya wa milimani wanavyotafuna pembe kama chumvi. Mbegu zilizodondoshwa na kunguru zimeota, na pale palipokuwa na changarawe tupu sasa pana vichaka vya matunda meusi. Miaka ishirini na saba imepita, na meza ile bado haijaondolewa.

Mwezi uliopita nilikwenda naye doria yake ya mwisho. Mbali na Kvitskar, kwenye ukingo wa ziwa, tulikuta ndama mmoja wa kulungu amekufa kwa baridi. Mkono wangu ukaenda kwenye redio. Ragnfrid alikuwa keshageuza mgongo upeponi na kufungua chupa ya kahawa.

“Kaa, Eilev,” akasema. “Pumua polepole. Wanakuja.”

Tukakaa. Kunguru wa kwanza alifika kabla kahawa haijapoa.

Ragnfrid, asante kwa kutufundisha kukaa. Wewe na Oddmund tunawatakia miaka mirefu, magoti yasiyouma, na maisha mema. Darubini usirudishe.

Eilev Brattås, kwa niaba ya wafanyakazi wenzako