Gari Moja, na Burnsville ni Mbali

Benchi letu liko nje ya chumba cha kufulia, kwenye nyumba za zamani za Hopkins, hapa Marekani. Kila Ijumaa asubuhi, sisi wa zamu za jioni tunatia nguo mashineni, tunakaa nje na kahawa ya Felician. Huyo ni Mtanzania, tunamwita Kamati kwa sababu hakosi kikao cha msiba. Kiprop tunamwita Injini, maana hazungumzi ila magari. Siku hiyo jirani yetu Naftali, akiwa off, alikuja akisukuma baiskeli mpya ya umeme, uso umemkauka. Mkewe Kemunto alikuwa amepata kazi ya unesi Burnsville, baada ya miaka mitatu darasani. Alitakiwa kujibu kabla ya saa sita mchana. Gari wanalo moja.

— Nataka nimwachie gari, Naftali akasema. Kwangu kazini ni maili mbili tu.

Injini akaizunguka ile baiskeli.

— Buda, January betri itaganda. Utaisukuma kwa snow.

— Italala ndani, sebuleni.

— Watoto walale na kitu cha kulipuka?

Kamati akanywa kahawa kwanza.

— Mimi naogopa lingine, ndugu yangu. Mtu atakupiga picha, ifike kwenu Kisii kabla hujafika kazini. Watasema Marekani imekushinda. Nitaitisha kikao cha kukuchangia, nawe u mzima.

— Na bibi akizoea ku-drive, Injini akadakia, utaomba ruhusa kwenda kanisa. Mwaka ujao anahamia Burnsville, wewe unabaki na pampu ya baiskeli.

Naona haya kusema, lakini nilicheka. Naftali hakucheka. Simu yake ililia, ni Kemunto. Hakupokea. Ilikuwa saa tano na nusu.

— Kwa hivyo nimwambie akatae?

— Asubiri kazi ya karibu, Kamati akasema. Zitakuja tu.

Générose, Mkongo aliyehamia wiki hiyo, alikuwa amesimama mlangoni na beseni lake.

— Pardon, ba papa. Miye mugeni hapa. Huyu mama akikosa gari, nani kati yenu atamupeleka Burnsville kila asubuhi?

Kamati akaanza kufunga chupa, na kahawa ilikuwa bado imo. Injini akainama kutazama matairi ya gari lake lililoegeshwa kando. Mimi nina gari, na asubuhi sina kazi yoyote. Nikajishughulisha na kikombe changu.

Naftali alitutazama mmoja mmoja, akatungoja. Kisha akapiga simu.

— Kemunto, waambie unaanza.